Theluji ya Mwalimu Job

Najma, Doha
14 Septemba 2025

Baba mpendwa,

Salamu kutoka kwenye joto. Leo nimetoka zamu saa nane mchana, na ule mwendo mfupi wa kutoka mlango wa kliniki yetu pale The Pearl hadi kwenye basi la wafanyakazi ulinitosha kabisa. Hewa ya Doha mwezi huu inakupiga usoni kama mvuke wa sufuria uliyoifunua kwa haraka. Sasa niko nyumbani Najma, nimekaa chini ya kiyoyozi na kikombe cha karaki, ile chai nzito ya maziwa na iliki, na nimeamua kukuandikia barua pepe badala ya kukupigia. Kwenye simu utasema "tutaona" halafu utaniuliza kama nimekula.

Umestaafu, Baba. Kila nikipiga simu uko kwenye migomba. Tangu Mama atutoke miaka minne iliyopita hujalala nje ya Kimilili. Ndiyo maana nimewaza theluji.

Nilikuwa mwanafunzi wako wa jiografia, kwa hiyo nina ushahidi. Ulituchorea milima ubaoni ukaipaka chaki nyeupe kileleni, ukatueleza theluji inavyoanguka, inavyoshindiliwa, inavyogeuka barafu. Halafu Mutai akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, inakuwaje ukiishika?" Ukasema kengele imelia. Haikuwa imelia.

Nimepata likizo Februari, wiki ya Siku ya Michezo ya hapa Qatar. Nataka uje hadi hapa Doha, kisha tupande ndege pamoja kwenda Georgia, ile nchi ya milima ya Kaukasi, tukae siku chache mahali ambapo watu hutelezea kwenye theluji. Kuna mahali pawili nimepapenda. Bakuriani ni mji mdogo ndani ya msitu wa misonobari. Familia nyingi huenda huko, farasi huvuta sleji, yale magari yasiyo na magurudumu, na miteremko ni ya upole. Gudauri iko juu zaidi, mlima mtupu, theluji tele, na watu wanaojua kuteleza kwelikweli. Jebet, muuguzi mwenzangu ninayeishi naye chumba kimoja, alikwenda Gudauri mwaka jana. Anasema alianguka kuliko alivyosimama na angerudi kesho.

Moyo wangu uko Bakuriani. Niambie wako uko wapi.

Binti yako,
Nasimiyu


Kimilili
21 Septemba 2025

Mwanangu Nasimiyu,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya. Mimi ni mzima na migomba ni mizima.

Nilianza kusoma barua yako nikiwa nimesimama, ikabidi niketi. Kisha nikatoka nje, nikatembea hadi langoni na kurudi. Jibu langu ni ndiyo. Nilijaribu kulipamba, lakini limebaki ndiyo.

Kuhusu mahali, sikubaliani nawe. Kila ukipanda mita elfu moja, joto hushuka kwa nyuzi sita hivi. Mahali palipo juu, theluji huwa kavu na nyepesi, na hukaa. Palipo chini, jua la siku mbili likipiga, unabaki na uji. Mtu hawezi kufundisha theluji maisha yake yote halafu apelekwe kukanyaga uji. Msitu tunao hapa Elgon, na farasi sina haja nao. Hayo ni mambo ya watu wanaokwenda kutembea. Mimi nakwenda kuona theluji. Gudauri.

Kisha kuna jambo la lugha. Umeandika "hutelezea kwenye theluji". Sina hakika kama ni kuteleza au kutelezea. Nitauliza.

Baba yako,
Mwl. Job Makokha


Najma, Doha
12 Oktoba 2025

Baba mpendwa,

Gudauri imepita bila kupingwa.

Nimeanza mazoezi! Kuna uwanja wa barafu ndani ya mall moja hapa. Watoto wa Kiarabu wanazunguka kama pia, na mimi nimekumbatia ukuta. Jebet alinishika kiuno akisema, "Aki Nasi, legeza magoti, kwani uko kwa foleni ya benki?" Nikalegeza. Tukaanguka wote wawili, na tukamwangukia mlinzi wa Kiganda aliyekuwa amekuja kutusaidia. Alibaki pale chini akicheka, akasema hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote tangu aanze kazi. Najua utasema hiyo ni barafu, si theluji. Makalio yangu hayakuona tofauti.

Nikuambie ukweli kuhusu Gudauri usije ukanilaumu: hakuna miti. Upepo unapita unavyotaka. Kupanda mlimani unaketi kwenye kiti kinachoning'inia kwenye waya, miguu hewani. Jioni vijana wanapiga muziki hadi vioo vinatetemeka. Lakini theluji, Jebet anasema, inafika kiunoni.

Nitumie pasipoti nianze kukuombea viza.

Binti yako,
Nasimiyu


Kimilili
26 Oktoba 2025

Mwanangu Nasimiyu,

Nimetafakari upya suala la mahali.

Naomba unieleze zaidi kuhusu Bakuriani. Je, ile misonobari iko karibu na hoteli kiasi cha mtu kuiona akiwa ameketi dirishani? Mtu anayeogopa mahali pa juu anaweza kufurahia huko bila kupandishwa kwenye viti vya waya? Sleji ya farasi hubeba watu wangapi, na je, wanapewa blanketi? Vyumba vina joto la kumtosha mtu ambaye miguu yake hupata baridi upesi? Nimesoma kwamba alfajiri huwa kuna sakitu, yaani umande ulioganda, juu ya majani ya misonobari, nayo humeta jua linapochomoza. Bila shaka ni jambo la kupendeza.

Theluji pekee si kila kitu. Mahali panapaswa kuwa na utulivu, mtu azungumze na mwenzake bila kupaza sauti.

Usiweke nafasi Gudauri bado.

Baba yako,
Mwl. Job Makokha


Najma, Doha
28 Oktoba 2025

Baba,

Kuna nini?

Aliyeniandikia mwezi uliopita alitaka mlima mtupu na upepo. Sasa ananiulizia blanketi. Mimi ni muuguzi, Baba, na barua yako nimeisoma kama faili ya mgonjwa. Miguu inayopata baridi ni mzunguko wa damu. Kuogopa juu ni kizunguzungu. Kuketi dirishani ni kuchoka. Tena Kiswahili chako kimebadilika. "Sakitu"! "Humeta"! Maisha yako yote umeandika kama mtu anayejaza ubao kabla kipindi hakijaisha. Mtu akianza ghafla kuona vitu vinameta, anamtisha mwanawe.

Tafadhali nenda hospitali kesho. Wakupime moyo, presha na sukari, na unitumie majibu. Jebet naye anasema uende.

Unanificha kitu?

Nasimiyu


Kimilili
5 Novemba 2025

Mwanangu Nasimiyu,

Nimetii. Nilipimwa kila kinachopimika. Daktari, kijana niliyemfundisha, amesema moyo wangu unakwenda kwa haraka kidogo lakini ni imara kuliko wake. Aliniuliza kama kuna jambo linalonitia wasiwasi. Nikamwambia nina safari.

Swali lako la mwisho nimeliona. Nimeambatisha majibu ya hospitali pamoja na pasipoti. Tafadhali zitazame vizuri.

Baba yako,
Mwl. Job Makokha


Najma, Doha
5 Novemba 2025

Baba,

Umeambatisha pasipoti mbili. Ya pili ni ya Mwalimu Emily Nekesa, aliyenifundisha Kiswahili darasa la sita. Ni makosa?

Nasimiyu


Kimilili
5 Novemba 2025

Mwanangu Nasimiyu,

Si makosa.

Baba yako


Kimilili
6 Desemba 2025

Kwako Nasimiyu,

Mwezi mzima umepita, na baba yako hajapata kwako ila "niko sawa, kazi ni nyingi". Yeye hatakuandikia tena kuhusu jambo hili, kwa sababu anaamini amekwisha kulieleza. Maneno mawili! Nilimwambia hata mtoto wa darasa la tatu angejitahidi kidogo. Basi acha nieleze mimi.

Mwezi Septemba alibisha hodi kwangu akiwa ameshika simu kama mtu aliyebeba yai. Alitaka kujua kama ni "kuteleza" au "kutelezea". Tumesali kanisa moja miaka mingi, na tangu mume wangu afariki hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu za mlangoni. Siku hiyo alikaa hadi birika likakauka. Alinieleza theluji. Juma lililofuata alirudi na neno jingine, na lililofuata jingine tena. Mwishowe niligundua kwamba maneno mengine alikuwa akiyajua tangu zamani. Kwa hiyo ni barua yako iliyomleta mlangoni kwangu, mwanangu. Mimi nilikuwa nimekaa zangu nachambua mboga.

Baba yako ni mzima. Mimi ndiye ninayeogopa mahali pa juu, na miguu inayopata baridi ni yangu. Sakitu nilimpa mimi. Kumeta alijiongezea mwenyewe.

Nilimjua mama yako. Nilipojifungua kitinda mimba wangu alinipikia uji wiki nzima, na alikuwa akinigombeza nisipoumaliza. Siwezi kuingia mahali pake na sitajaribu. Kama safari hii ni yako na baba yako, nendeni kwa amani, mimi nitawaangalizia ng'ombe. Ila usimnyamazie. Wiki hii ameacha kabisa kuzungumzia theluji, na hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Ni mimi,
Emily Nekesa


Najma, Doha
9 Desemba 2025

Mwalimu Emily,

Pokea salamu zangu, na tafadhali usiitie barua hii alama nyekundu.

Sitakuficha: niliumia. "Si makosa" niliisoma nikiwa kazini. Nikaingia stoo ya vifaa nikalia hadi Jebet akanifuata. Nikamwambia Mama amesahaulika. Jebet akaniuliza, "Nani amesema hivyo? Ama ni wewe ulitaka mzee akae tu kwa ndizi akingoja simu yako?" Sikuongea naye hadi kesho yake. Unajua ilivyo kutoongea na mtu mnayelala naye chumba kimoja? Nilikuwa namwomba chumvi kwa kunyoosha kidole.

Halafu nikaona amesema kweli. Nilikuwa nimezoea kwamba mtu wa kumfurahisha Baba ni mimi peke yangu. Nimekuwa na hofu akipata mwingine, mimi nitakuwa nani, huku mbali?

Barua yako imenichekesha mahali nilipodhani nitalia. Baba kujifanya hajui neno! Nimemsomea Jebet kile kipande cha yai mara tatu. Na habari ya uji sikuijua. Hakuwahi kuniambia. Lakini ile ya kugombeza ndiyo Mama kabisa, nilimsikia sauti. Hatoki mahali pake kwa sababu wewe umekaribishwa.

Nahitaji kujua jambo moja tu. Unavaa kiatu namba ngapi? Kule wanakodisha buti, na wanataka vipimo mapema. Cha Baba nakijua.

Wako,
Nasimiyu


Najma, Doha
18 Januari 2026

Baba na Mwalimu Emily,

Viza zenu zimetoka! Nilipiga kelele kliniki hadi mgonjwa akauliza kama ni majibu yake.

Sasa kuna tatizo. Kila asubuhi nafungua kamera za milimani kwenye simu, mimi na Jebet, tunatazama theluji huku tunapiga mswaki. Nimeweka nafasi Bakuriani kama mlivyotaka, lakini wiki hii theluji huko ni haba, nyasi zinachungulia. Gudauri theluji imefika hadi kwenye madirisha. Hoteli zimekubali kubadilisha ilimradi niwajibu kabla ya Ijumaa.

Mnataka theluji au mnataka mandhari? Amueni. Mimi nimechoka kuwa jaji.

Nasimiyu


Kimilili
20 Januari 2026

Mwanangu Nasimiyu,

Naandika bila Emily kujua. Bakuriani.

Nakumbuka niliyoyasema kuhusu uji, na kisayansi bado ni kweli. Lakini konzi moja ya theluji chini ya msonobari itanitosha. Huko juu ataogopa, atanyamaza kwa ajili yangu, na mimi nitakuwa naona theluji bila kuiona. Usimwonyeshe picha za Gudauri.

Baba yako


Kimilili
20 Januari 2026

Nasimiyu mwanangu,

Baba yako asijue kwamba nimekuandikia. Chagua Gudauri.

Mtu aliyengoja theluji umri wote huu hawezi kuonyeshwa nyasi kwa sababu ya woga wangu. Nitafumba macho. Hata kwa daktari wa meno hufumba macho na hutoka salama. Na ile misonobari, aa, miti ni miti.

Emily


Kimilili
16 Februari 2026

Mwanangu Nasimiyu,

Tumefika salama. Ng'ombe amezaa tukiwa njiani, ndama jike.

Kwa hiyo ulichagua theluji. Nilipoona kibao cha Gudauri barabarani nilikuwa tayari kukugombeza mbele ya dereva. Kisha nikageuka nikamwona Emily amebandika pua kwenye kioo cha gari, anasema, "Job, Job, tazama, mlima wote!" Nikaacha.

Sasa naomba, kwa heshima zote anazostahili mzazi, ile video usiwatumie watu wa Kimilili. Nimefundisha kimo cha milima miaka yote hiyo bila kuning'inizwa juu yake. Kile kiti kilipotuinua, niliwaaga wale waliokuwa kwenye foleni kama mtu asiyerudi. Emily, aliyekuwa ameniahidi kwenye foleni kwamba atafumba macho, aliyafumbua yote mawili. Anauliza mlima ule unaitwaje, na ule je, na kwa nini upande huu kuna theluji nyingi kuliko ule, na mimi najibu nikiwa nimeyafumba ya kwangu. Nilijibu sawasawa, lakini hilo halionekani kwenye video. Kinachoonekana ni mzee ameng'ang'ania chuma. Alipanda tena nawe mara ngapi, hata sijui. Mimi ndiye niliyeishia dirishani na blanketi.

Nina jambo jingine, nalo sikuweza kulisema kwa mdomo pale uwanja wa ndege wa Doha, ingawa nilianza mara mbili na wewe ukadhani natafuta choo.

Siku ile ya mwisho ulituacha nyuma ya hoteli ukaenda kurudisha buti. Nilivua glavu nikachota theluji. Siku zote zile nilikuwa nimeishika na glavu, nadhani nilikuwa naogopa kuimaliza. Ilikuwa nyepesi hata mkono haukusikia kitu. Kisha baridi ikaingia hadi kwenye mifupa, kisha ikawa maji. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kusema, mwanangu, maneno ya mwalimu. Nikageuka niyaseme, kumbe Emily alikuwa amejaza viganja vyake viwili na amenijia kwa nyuma. Aliitia yote shingoni mwangu. Kelele niliyoitoa haimo katika kamusi yoyote.

Nilikuwa nimepanga kufuata utaratibu. Nikuombe wewe kwanza, kisha niwaone watu wake, kisha nimwambie yeye. Lakini theluji ilikuwa inanitiririka mgongoni, ninarukaruka kama ndama, naye anacheka hadi ameshikilia ukuta, na nikajisikia nikisema, "Emily, tuoane." Akaniambia, "Kwanza toa theluji kwenye shati." Nikaitoa. Akasema sawa.

Kwa hiyo ninakuuliza nikiwa nimechelewa, na mtu anayeuliza amechelewa hawezi kudai jibu. Una neno gani?

Baba yako,
Job


Najma, Doha
16 Februari 2026

Baba, na Mama Emily,

Barua ya Baba imenikuta ndani ya basi la wafanyakazi, tumetoka The Pearl, tumekwama kwenye foleni. Nilipofika pale kwenye shati nilipiga ukelele. Joram, dereva wetu, akaegesha kando akageuka. "Dada, kuna msiba?"

"Baba yangu anaoa!"

Basi zima lilipiga makofi. Wauguzi wa Kifilipino wakaanza kuimba. Dada mmoja wa Kerala ambaye sijawahi kuzungumza naye alinikumbatia, akafungua mkoba akanipa tende. Joram akasema kwao Mbale mtu akipata habari kama hiyo haendi nyumbani kulala, basi tukasimama pale pa karaki karibu na kwetu na kila mtu akanywa kwa heshima yenu. Jebet amekwisha kuomba likizo ya Agosti. Sijui nani amemwambia ni Agosti. Anasema hajawahi kucheza harusi ya Kibukusu na hatakaa akingoja kualikwa.

Neno langu ndilo hilo, Baba. Umelisikia? Kama hukulisikia nitakupigia nilirudie, nikiwa nimeketi na nikiwa nimesimama.

Siku ile nilirudi kutoka kurudisha buti nikawakuta mmesimama mbalimbali, theluji inawaangukia mabegani, Baba umeloa shati, Mama Emily unatazama viatu. Nikajua mmegombana. Nikawaza, ee Mungu, siku ya mwisho! Nikaona niwapatanishe, nikawaambia msogeleane niwapige picha. Mkasogea kidogo. Nikasema sogeeni tena. Mkasogea hadi mkagusana, na hamkunitazama mimi wala simu.

Picha hiyo nimeifungua sasa hivi. Nimemwonyesha Jebet, naye ameikuza kwa vidole viwili, akaniuliza ni nani aliyewaambia hawa watu kwamba wamezeeka.

Binti yenu,
Nasimiyu